Nilivyohama duka la gesi, na hesabu iliyonihamisha

Kwenye kalenda ya jikoni kwangu kuna alama za kalamu nyekundu ambazo wageni hudhani ni siku za kliniki. Ni siku ninazofunga mtungi mpya wa gesi. Kwa nyumba yetu ya watu watano hapa Dar, mtungi wa kilo 15 ulikuwa unatufikisha siku 50, 52 hivi. Ghafla ukaanza kukata siku ya 44. Uliofuata ukakata siku ya 37, na nyumbani hakuna aliyeongezeka, wala hatukuwa na msiba wala shughuli.

Lawama ya kwanza ilimwangukia dada anayenisaidia kazi. Nilimsema kwamba anaacha jiko likiwaka huku anachambua mchele. Baadaye ilibidi nimwombe radhi, na nilistahili kununa alikoninunia.

Jibu lilitoka kwenye mizani ya kupimia mabegi, ile ndogo ya kuning'iniza ambayo mume wangu huitumia akisafiri. Kila mtungi una namba iliyogongwa juu, karibu na mkono wa kushikia: huo ndio uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Wangu uliandikwa 15.4. Ukijazwa kilo 15 za gesi, mizani inatakiwa isome 30.4. Siku ulipoletwa mpya, sili ikiwa juu yake vizuri kabisa, tuliuinua watu wawili na mizani ikasoma 27.1. Gesi kilo 11.7 tu. Nilikuwa nimelipa 56,000.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote nilikuwa nanunua mtungi, sinunui gesi. Gawanya 56,000 kwa 15, kilo moja ni kama 3,730. Gawanya kwa 11.7, kilo inafika karibu 4,790. Nilikuwa nalipia kilo tatu na ushee za hewa, na pesa yake ni zaidi ya elfu kumi na mbili kila mtungi. Muuzaji nilimpelekea picha ya mizani. Akaniambia, "Dada, hizo mizani za mabegi hazina uhakika." Nikamwomba basi tupime kwa ya kwake. Hakuwa nayo. Kwa taratibu za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, muuza gesi anatakiwa awe na mizani dukani na akupimie mbele yako, lakini sisi wenyewe tumezoea kupiga simu, boda analeta, tunafunga, tunapika. Mimi nilifanya hivyo miaka sita.

Nikaamua kulinganisha. Nilizunguka maduka matatu ya mtaani, na swali langu lilikuwa moja: unapima? Bei niliiuliza baadaye, maana bei za kujaza zilipishana kwa elfu moja au mbili tu, wakati uzito pungufu ulikuwa umenila elfu kumi na mbili. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema mizani imepelekwa kutengenezwa. Wa tatu, mama mmoja mwenye duka dogo la vifaa vya ujenzi, alinyoosha kidole tu: mizani ipo sakafuni, imejaa vumbi la saruji, na inafanya kazi. Bei yake ilikuwa juu kwa shilingi elfu moja. Nilihamia kwake siku hiyo hiyo.

Sasa kuhama kwenyewe kuna gharama ambazo hakuna anayekutajia. Huyu mama aliuza gesi ya kampuni nyingine, na mtungi wangu ulikuwa wa kampuni ya zamani. Wapo wauzaji wanaokataa kabisa kubadilishana, wakikutaka ununue mtungi mpya mzima. Huyu alikubali nikiongeza 5,000, kwa kuwa ana mwenzake wanayebadilishana naye mitungi. Kufika nyumbani, regyuleta yangu, kile kifaa kinachounganisha mpira wa jiko na mtungi, haikuingia kwenye mdomo wa mtungi mpya. Tulilala na mkate siku hiyo. Kwa hiyo kabla hujahama, nenda na regyuleta yako mkononi uijaribishe palepale dukani, na kama haiingii uliza bei ya nyingine uiweke kwenye hesabu. Usihame pia mtungi ukiwa na gesi ndani. Mimi nilirudisha wangu ukiwa na karibu kilo moja, na hakuna aliyenirudishia hata senti. Na ukishafunga mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio yote uangalie kama linatoa mapovu, kwa sababu regyuleta ngeni kwenye mtungi mgeni ndipo gesi inapopenda kuvuja.

Ukishaanza kupima huachi. Wiki iliyofuata nikapima gesi inayoliwa na chakula. Maharage nusu kilo, yaliyolala kwenye maji, kwenye gesi mpaka yakaiva: mtungi ulipungua gramu 200, yaani kama shilingi 750. Kisha nikaazima jiko la presha la umeme la jirani. Nikazima friji na kila kitu, nikasoma LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, mwanzo na mwisho wa kupika. Ilitumia uniti 0.4. Mimi niko tarifu T1, bei ya watumiaji wa kawaida, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inakuwa kama 356. Maharage yale yale, shilingi 142. Nilirudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya.

Kwa hiyo nusu ya kuhama kwangu haikuwa ya duka. TANESCO, shirika la umeme, huwezi kuihama, ni hiyo hiyo moja kwa sisi wa bara, lakini sufuria unaweza kuihamisha. Maharage, makande, nyama ngumu na supu vimekwenda kwenye presha ya umeme. Chai, ugali, chapati na vya kukaanga vimebaki kwenye gesi, kwa sababu vinataka moto wa kuonekana na havikai sana jikoni. Gesi siiachi kabisa pia kwa sababu ya mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023, ambao ulinikuta na rafiki yangu mmoja anayepikia umeme tupu akija kwangu na sufuria ya ubwabwa mbichi kichwani.

Mama mkwe wangu, ambaye hununua mkaa kopo la 2,000 kila siku, aliposikia hesabu hizi alisema, "Mwanangu, hiyo elfu hamsini na sita naitoa wapi kwa mkupuo?" Alikuwa sahihi. Mkaa wake kwa mwezi ni 60,000, mtungi wangu unapita mwezi na nusu, lakini yeye pesa inamjia kidogo kidogo na mkaa unauzwa kidogo kidogo. Tulimnunulia mtungi wa kilo 6, anaujaza kwa 24,000. Kilo inamwangukia 4,000, ghali kuliko yangu, na bado ni nafuu kuliko kopo. Kuna pia gesi ya mita, ya kulipia kwa simu kadiri unavyotumia. Kwa mtu kama yeye ningeijaribu, ila kwanza uliza kilo inauzwaje, ukikumbuka kwamba wanaokufungia kifaa bure wanakirudisha kwenye bei.

Presha ya umeme nayo tulimpa, na hapa kuna mtego. Yeye yuko D1, ile tarifu ya wanaotumia umeme mdogo: mpaka uniti 75 kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, ndiyo maana akiweka 5,000 anapata uniti karibu 41 na mimi napata 14. Ukivuka 75, za ziada ni 350, na ukiendelea kuvuka unahamishiwa T1. Yeye alikuwa anatumia 50 hivi, maharage na supu zikaongeza kama 12, bado yuko salama. Lakini kama mita moja mnachangia wapangaji wanne, kaeni kwanza mhesabu uniti za mwezi kabla mtu hajaleta jiko la umeme.

Tangu nimehama, alama nyekundu zimerudi kwenye siku 50, na kwa kuwa maharage yametoka kwenye gesi, mtungi wa mwisho ulifika 63. Yule muuzaji wa zamani bado tunasalimiana. Vocha na mkate nanunua kwake, na juzi nimeona ameweka mizani mlangoni.