Mama anadai genge lake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama, miaka 74, aliteleza chooni akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji nimemleta kwangu Mbezi, lakini kila asubuhi anauliza lini atarudi Tandika kwenye genge lake. Juzi kagoma kula. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilimleta baba Tabata. Siku ya tatu nikamkuta kituo cha daladala, kofia kichwani, fimbo mkono mmoja, nauli mkono wa pili. Kosa langu: hata redio nilikuwa namzimia mimi!

Mama kazoea kupanga nyanya mafungu na kugombana na wateja, wewe unamwambia "pumzika". Mpe kazi ya mezani: achambue mchicha, achague mchele. Kukuna nazi hapana. Mbuzi ni ya chini mno, nyonga haitaki, mpaka daktari aruhusu. Choo cha kuchuchumaa vilevile. Mwite fundi afunge bomba la kushikilia ukutani, na ile zulia ndogo ya mlangoni itoe leo.

Genge usiliuze. Muulize yeye nani alishike, na hesabu aletewe mwenyewe kila jioni kwa simu.