Kutoka asilimia 100 hadi 67 kwa mwaka mmoja

Ukiona kiwango cha kufaulu kwa matibabu ya TB (kifua kikuu) katika nchi ndogo kimeshuka hivyo, si dawa iliyoshindwa, ni uchache wa wagonjwa. Kisiwa kama Nauru, nchi ndogo katika Bahari ya Pasifiki, kina watu kama 12,000 tu. Wakianza dawa za TB wagonjwa watatu na mmoja asimalize, asilimia 100 yote inaanguka hadi 67. Nimejaza rejista ya TB kliniki moja huku Eastlands, Nairobi: wanaohesabika kufaulu ni waliothibitishwa kupona na waliomaliza dozi. Aliyefariki katikati ya dozi hayumo, hata kama aligongwa na matatu! Jumlisha miaka mitano ndipo usome mwelekeo. Lakini kama kila mwaka kuna wanaoacha dawa kabla ya miezi sita, hapo kweli kuna shida.