Barua kwa mwanangu: siku mbili kando ya Ziwa Itasca

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako. Umeuliza kama Hifadhi ya Jimbo ya Itasca, huko kaskazini mwa Minnesota, inawafaa ninyi ambao hamjawahi kulala hemani, tena mkiwa na wajukuu wangu wawili, na mfanyeje mpate utulivu wa ziwani badala ya kukutana na umati. Inawafaa, nendeni. Ila utulivu wa Itasca hauji wenyewe. Unategemea siku mtakayochagua na saa mtakayoshika kafi.

Kwa kuwa watoto bado hawajaanza shule, chagueni wiki inayofuata Sikukuu ya Wafanyakazi, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mbu wa Juni na Julai, ambao huko ni wengi kupita kiasi, wanakuwa wamepungua, na familia nyingi zimesharudi mjini. Mwende katikati ya wiki. Nafasi za kambi hufunguliwa mtandaoni siku 120 kabla ya tarehe ya kufika, kwa hiyo hesabu nyuma ukaweke alama kwenye kalenda. Kambi ni mbili, Bear Paw na Pine Ridge; ombeni Bear Paw kwa sababu iko karibu na ziwa. Gari linahitaji kibali chake, mbali na malipo ya kambi. Kibali cha mwaka hutumika katika hifadhi zote za jimbo, na mkipanga kwenda mara kadhaa ndicho cha kununua.

Sasa hema, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Hema linaloandikwa la watu wanne huwatosha wanne waliobanana bila hata begi moja. Chukueni la watu sita, na mlisimamishe nyumbani kwanza, kila fito na kila kigingi, kabla ya kulibeba. Mkifika, tafuteni sehemu iliyoinuka kidogo. Bonde dogo ambalo mchana huonekana tambarare hugeuka dimbwi mvua ikinyesha usiku. Tazameni juu pia: tawi lililokauka lisiwe juu ya vichwa vyenu. Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Likitokeza pembeni hukinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mnapolala. Kigingi kipigwe kwa mshazari, kichwa chake kikilalia upande usio wa hema.

Usiku itakuwa baridi, na watoto watakuomba ufunge matundu yote ya hewa. Usifunge ya juu. Pumzi za watu wanne hugeuka matone kwenye kitambaa, na asubuhi mtaamka mmelowa mkidhani hema linavuja. Baridi kubwa hutoka ardhini. Godoro la upepo peke yake halisaidii, kwa sababu hewa iliyomo ndani huzunguka na kupoa. Tandikeni blanketi nene au sponji juu yake ndipo mweke mifuko ya kulalia. Iwe mifuko ya kustahimili mpaka nyuzi 0 za Selsiasi. Na kila mtu abadilishe nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, kwa kuwa jasho la mchana ndilo linalomfanya mtu atetemeke saa nane za usiku.

Dubu weusi wapo. Chakula chote kikae ndani ya gari lililofungwa, pamoja na dawa ya meno, sabuni na takataka, kwani kwa dubu vyote ni harufu tu. Kuni msizibebe kutoka mjini wala msiokote msituni, yote mawili yamekatazwa, nunueni zilizothibitishwa. Mabuu ya mdudu anayeua miti iitwayo ash husafiri ndani ya kuni.

Mtumbwi mtaukodi ndani ya hifadhi, lakini ulizeni mapema, kwani vuli ya huko, kuanzia Septemba, hupunguza siku za duka la kukodishia. Ingieni majini kunapopambazuka au jioni. Katikati ya mchana upepo huamka, na mtumbwi mrefu wenye watoto hauupendi upepo wa ubavuni. Anzeni kwa kwenda dhidi ya upepo, mkichoka uwasukume kurudi. Wengi hufanya kinyume, wakafurahia nusu saa ya kwanza kisha wakakesha na makafi. Mwenye nguvu na uzoefu akae nyuma, tezini, maana ndiye anayeelekeza. Watoto wakae chini kabisa, katikati. Asisimame mtu. Mwende sambamba na ufuo, msikate ziwa katikati.

Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe. Sheria ya Minnesota inawalazimisha walio chini ya miaka 10. Mimi nawalazimisha ninyi wakubwa pia. Mtu akitumbukia ghafla kwenye maji baridi huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji, anachovuta ni maji. Ya mtoto ijaribuni hivi: mshike mabegani pa jaketi umwinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Mkipinduka, shikilieni mtumbwi, msiogelee kuutafuta ufuo. Mkisikia radi tokeni majini, mrudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Watu wengi huishia kwenye chanzo cha Mississippi, ncha ya kaskazini ya ziwa, na wajukuu wataona raha kuvuka kwa miguu mto unaokwenda zaidi ya maili 2,300 mpaka Ghuba ya Meksiko. Nendeni mapema asubuhi, mkivaa viatu vya maji, kwani mawe yale yana utelezi. Waambieni habari za Mary Gibbs pia, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi mwaka 1903 akiwa na miaka 24 tu, akawakabili wakata magogo waliopandisha maji ya ziwa kwa bwawa lao. Kisha mkapumzike Preacher's Grove, chini ya misonobari mikongwe iliyo kando ya maji.

Kupe usiwapuuze kwa sababu joto limepungua. Kupe waliokomaa hurudi vuli. Suruali iingizwe ndani ya soksi, permethrin, dawa ya kuua wadudu, ipakwe kwenye nguo nyumbani ikauke, isipakwe mwilini. Jioni wakagueni watoto kwa tochi: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Ukimkuta kupe ameng'ata, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Andika tarehe. Ndani ya siku 30 ukiona homa au wekundu unaotanuka, mpeleke mtoto kwa daktari na umtajie kupe.

Ukishapata nafasi nitumie tarehe, nikuletee lile hema la watu sita pamoja na nyundo ya vigingi.

Mama yako