Matone ya pua yasizidi siku chache
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini pua inazidi kuziba baada ya wiki mbili za matone ya oksimetazolini. Dawa hiyo hubana mishipa midogo ya damu iliyovimba puani, lakini ikitumika zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, mishipa huvimba upya kila nguvu yake inapokwisha, nawe ukalazimika kuongeza matone kutibu tatizo linaloletwa na matone yenyewe. Yaache, ukipenda tundu moja la pua kwanza, kisha la pili. Na kwa kuwa umesema una shinikizo la damu, nakusihi usikimbilie vidonge vya pseudoefedrini, dawa nyingine ya kuzibua pua, maana huweza kupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Mwone daktari, ambaye anaweza kukuandikia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe.