Jibu: Miwani ya uhalisia pepe kabla ya upasuaji
Ndugu, umeuliza kama miwani hii, inayomwonyesha mtu picha kila upande kana kwamba yupo mahali penyewe, itamsaidia mama, anayeogopa upasuaji kuliko ugonjwa wenyewe. Inaweza. Akiivaa anajiona kalala kitandani, anasukumwa hadi chumba cha upasuaji, anaona zile taa kubwa za juu na barakoa ya dawa ya usingizi ikisogezwa usoni. Siku yenyewe ikifika, mengi hayatakuwa mageni kwake. Hofu nyingi huletwa na kutojua, ndiyo maana njia hii imejaribiwa hata kwa watoto. Ila wengine hushikwa na kizunguzungu au kichefuchefu, na mwenye kifafa amwambie daktari kwanza. Halafu miwani haijibu maswali! Lini aache kula, dawa zipi asimamishe, hayo amuulize daktari wake.