Anza na Capella, na anza na oksijeni

Mdogo wangu, umeuliza utumie data ya darubini gani kupima msongamano wa plazma (gesi moto ambayo elektroni zake zimechomoka) kwenye korona, yaani tabaka la nje lenye joto kali, ya nyota Capella, na kama darubini ya eksirei XRISM inafaa kwa kuwa ndiyo mpya. Kwa kazi hii, hapana. XRISM ilirushwa 2023 na ni hodari sana kwenye mistari ya chuma (mistari ni mawimbi maalumu ambayo kila elementi hutoa mwanga wake), lakini kifuniko cha kifaa chake cha Resolve kiligoma kufunguka, kwa hiyo eksirei laini, zile za nishati ndogo, hazipiti. Mistari ya oksijeni unayoihitaji imo humo humo.

Chukua data ya XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei, kutoka kifaa chake cha RGS kinachotawanya eksirei kwa urefu wa mawimbi; viko viwili, RGS1 na RGS2. Ni bure. Ila shika hili: tumia RGS1, kwa sababu RGS2 ilipoteza kigunduzi kimoja, tena kile cha angstromu 20 hadi 24 (angstromu ni kipimo cha urefu wa mawimbi), ambamo mistari yako imo.

Sasa tazama mistari mitatu ya oksijeni iliyobakiwa na elektroni mbili: angstromu 21.6, 21.8 na 22.1. Plazma ikiwa nyembamba, wa 22.1 husimama mrefu. Ikisongamana, migongano huihamisha elektroni kabla haijatoa mwanga wake, wa 22.1 hufifia, wa 21.8 hupanda. Uwiano wa hiyo miwili ndio kipimo chako. Kwa Capella utaona wa 22.1 umeuzidi wa 21.8 waziwazi, na mimi kila nikiuona hufurahi.

Usiuhamishie uwiano huo kwenye nyota moto kama Zeta Puppis. Huko urujuanimno wa nyota yenyewe hufanya kazi ya migongano, na utapima umbali wa gesi kutoka kwenye nyota ukidhani ni msongamano.