Muulize Fundi: Winning Eleven yangu ya Kijapani ni feki?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Nimenunua PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, kwa jamaa anayeuza vitu vya kontena kutoka Japani. Ndani nimekuta diski ya Winning Eleven 3, mchezo wa mpira. Mashine sijaiwasha, plagi yake ina meno mawili bapa, nataka kununua adapta. Diski nimeijaribu kwa PlayStation ya kaka yangu iliyotoka Uingereza, ikakataa. Yeye ana mchezo wa mpira pia, ISS Pro 98, na anashikilia kuwa yangu ni feki iliyoigwa kutoka kwa yake. Ni kweli? *Msomaji, Kisauni*

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Mpira baadaye, kwanza umeme, maana umenitia wasiwasi. Usiichomeke! Igeuze hiyo mashine usome maandishi ya chini: utakuta 100V. Soketi zetu hapa Mombasa zinatoa 240V. Adapta unayotaka kununua hubadilisha umbo la meno tu, volti zinapita vile vile, na kapasita kubwa ya upande wa umeme, kile kikopo cha kuhifadhi chaji, hupasuka papo hapo. Huletewa mashine za namna hiyo kibandani kwangu Mwembe Tayari, na huniuma sana, kwa sababu zilivuka bahari zikiwa nzima. Nunua transfoma ya kushusha umeme hadi 100V. Ya wati 50 inatosha na kubaki, PlayStation hailafui umeme.

Sasa diski. Kaka yako hajui historia ya mchezo anaoupenda: yako ndiyo mama, yake ndiyo mtoto. Konami, kampuni iliyoutengeneza, walikuwa wakiutoa mchezo huu kwanza Japani, kisha wanaupeleka nje kwa jina jingine. Winning Eleven ya kwanza, ya 1995, huko nje iliitwa Goal Storm. Ile ya 1997 ikawa ISS Pro kwa Ulaya na Goal Storm '97 kwa Marekani. Na hiyo uliyo nayo, Winning Eleven 3, ndiyo iliyofika kwa kaka yako ikiitwa ISS Pro 98.

Tazama jalada lako, lina maneno World Cup France '98. La kaka yako halina. Ulaya, mchezo uliobeba jina la Kombe lile ulikuwa World Cup 98 wa kampuni nyingine, Electronic Arts. Diski yako ilitoka Mei 1998, Kombe likaanza Juni, na ndiyo mara ya kwanza Japani kufuzu. Walifungwa mechi zote tatu, na bao lao la pekee alilifunga Masashi Nakayama dhidi ya Jamaika. Hebu fikiria ilivyongojwa diski hiyo kule kwao! Mimi nisingeiuza.

Kwa nini ilikataa? Kila diski halisi ina alama iliyofichwa ambayo PlayStation huitafuta kabla ya kuanza. Ya Japani ni SCEI, ya Ulaya ni SCEE. Mashine ya kaka yako haikuiona yake, ikagoma. Kama unataka kuhakikisha, soma herufi zilizochapishwa kwenye diski: SLPM au SLPS ni Japani, SLES ni Ulaya. Igeuze pia, diski halisi za PlayStation ni nyeusi chini, ingawa wapo walionakili kwenye diski nyeusi, kwa hiyo angalia vyote viwili.

Ukishaiwasha, huenda picha ikakosa rangi au ikawa inapanda na kushuka. Mashine si mbovu. Inatoa NTSC, mfumo wa picha wa Japani, picha 60 kwa sekunde, na TV nyingi za zamani za hapa ni za PAL, mfumo wa Ulaya na wa kwetu, picha 50. Tafuta TV inayokubali zote mbili. Inafaa kuhangaikia, kwa sababu michezo mingi ya Kijapani iliyohamishiwa PAL bila kurekebishwa ilipungua kasi karibu 17%. Wewe utaicheza kwa mwendo ule ule walioukusudia walioitengeneza.

Kwenye menyu, duara ndilo la kukubali na X ni la kurudi nyuma, tofauti na ulivyozoea kwa kaka yako.

Swali: Fundi, mimi nina ISS 64 ya Nintendo 64. Hiyo ISS Pro si mchezo huo huo kwenye mashine nyingine? *Msomaji, Likoni*

Jibu: La, ni michezo miwili tofauti. Kampuni ni moja, Konami, lakini yako ilitengenezwa na kikosi cha Osaka, na Japani iliitwa Jikkyou World Soccer 3. ISS Pro ni kazi ya kikosi cha Tokyo, ambacho mwaka 2001 kiliipa Ulaya Pro Evolution Soccer. Yako ina mbwembwe zaidi, na kwa watu wanne sebuleni naichagua hiyo bila kusita, kwani Nintendo 64 ina matundu manne ya padi na PlayStation ina mawili.